Nyanyangu Kazaliwa Siku Moja na Bob Marley

Leo hakuna video. Bando ipo, mwanga upo, sura pia ipo, nimeamka vizuri wallahi. Lakini hili jambo nimejaribu kulisema mbele ya simu mara nne, na kila mara nyanya anapita nyuma na leso yake akiuliza, "Wasema na nani wewe?" Kwa hiyo leo mtasoma. Kama kuna mahamri karibu, chukua.

Wale wa zamani mwajua nilianzaje. Kila asubuhi kabla ya saa mbili natoa "Leo katika historia": tarehe, matukio matatu, staa mmoja aliyezaliwa siku hiyo, biti chini, kwisha. Ni kazi rahisi kuliko kukaanga viazi vya karai. Wafungua Google, waandika tarehe, yakuja orodha ndefu kama foleni ya feri, wachagua. 1 Machi, Lupita Nyong'o, 1983, tena kazaliwa Mexico City. 4 Agosti, Obama, 1961. 5 Septemba, Freddie Mercury, 1946, ambaye nusu yenu mlikataa katakata kwamba ni mtoto wa Unguja, jina la nyumbani Farrokh Bulsara. 2 Oktoba, Diamond, 1989. Siku ya Diamond sikuwa hata na wasiwasi, najua laiki zitakuja zenyewe.

Sikuwa najiuliza hiyo orodha imepangwa na nani, wala kwa nini kila ukiisoma Mombasa haimo. Chukua 7 Aprili. Mimi niliweka Jackie Chan, 1954, na kipande cha yeye akiruka ukuta. Kumbe tarehe hiyohiyo, mwaka 1498, ndiyo Vasco da Gama alitia nanga nje ya kisiwa hiki hiki tunachokaa. Tarehe hiyohiyo, 1972, Mzee Karume alipigwa risasi Unguja, na Zanzibar ni siku ya mapumziko mpaka leo. Tarehe hiyohiyo, 1994, Rwanda mauaji ya kimbari yalianza. Na mimi na Jackie Chan wangu juu ya ukuta. Hakuna aliyelalamika, nami nikaendelea.

Iliyonichoma ni 29 Aprili, 2024. Orodha ilisema ni Siku ya Ngoma Duniani. Nikasema leo ndo leo. Nikavaa, nikashuka uani, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikacheza sekunde ishirini na kitu, nikaandika: "Dunia nzima yacheza leo, wewe je?" Ile video ilikimbia. Kufika adhuhuri ilikuwa ishapita kila kitu nilichowahi kuweka.

Jioni nikakutana kwenye ngazi na jirani yetu wa chini. Ni mtu mzima, twamwita Ma'mkubwa ingawa si wa damu. Kila siku akiniona hunitania, huniita mtangazaji. Siku hiyo nikasema shikamoo, akajibu marahaba, akapita. Nikamuuliza, "Ma'mkubwa, kwani nimekosa nini?"

Akasimama, akashika ukuta. "Hukukosa, mwanangu. Ila mimi leo sisikizi ngoma. Leo ndiyo siku ya feri ya Mtongwe."

Sikuijua. Nasema ukweli, na naona haya. Mimi ni wa 2005. Ilikuwa Ijumaa, 29 Aprili 1994, asubuhi, watu wanavuka kutoka Mtongwe kuja kisiwani kazini, feri ikapinduka. Walikufa watu 272. Kakake Ma'mkubwa alikuwa mmoja wao. Mimi hupanda feri kila nikienda kwa shangazi Likoni, navuka hayo hayo maji, na nilikuwa najua kwamba 29 Aprili kazaliwa Uma Thurman lakini sikujua kwamba mtu anayekaa chini ya chumba changu huwa hawashi redio siku hiyo.

Nikaifuta. Rafiki yangu wa karibu akaniambia nimeingiwa na wazimu, unafutaje video inayokimbia? Watu wanataka staa, akasema, hawataki maiti. Sikuwa na jibu la maana. Nilijua tu sitaweza kupita ile ngazi huku video ikiendelea kucheza.

Hapo ndo nikanunua daftari. La karatasi, msicheke. Nikaanza kuandika tarehe za hapa kwetu. 11 Aprili 1593, Wareno walianza kujenga Fort Jesus. 13 Desemba 1698, Waomani waliingia ndani ya ngome hiyo baada ya kuizingira miaka miwili na miezi tisa. Ni siku moja tu baada ya Jamhuri, na kila mwaka tarehe hiyo twakuwa bado tumelala. 13 Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa waligoma, mji ukasimama karibu wiki mbili. 8 Oktoba 1963, mkataba wa mwambao, ule ukanda wetu wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ukawekewa saini uende Kenya. 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta alifariki Ikulu ya Mombasa, mwendo mfupi tu wa tuktuk kutoka Makadara.

Watazamaji wakapungua, sitawadanganya. Ngome ya 1593 haishindani na Diamond. Nikawa nachanganya: staa mmoja, tukio moja la kwetu. Wengi walikuwa wanatazama staa kisha wanatoka, sawa tu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hadithi yenyewe inaanzia kwenye kitambulisho.

Mimi nimezaliwa 10 Oktoba. Hiyo siku peke yake ni kichekesho. Nilipozaliwa ilikuwa Moi Day. Ikaja katiba mpya, ikatoka kwenye sikukuu. 2017 mahakama ikasema bado ni sikukuu. Ikageuzwa Huduma Day. Tangu 2024 ni Mazingira Day, twapanda miti. Siku yangu ya kuzaliwa imebadilisha jina kuliko msanii wa Majengo aliyekosa hiti. Lakini angalau tarehe yenyewe iko palepale, imeandikwa, ina muhuri.

Nilipotimiza 18 nikaenda kuomba kitambulisho kwenye ofisi moja. Karani akataka cha baba, cha mama, kisha akataka karatasi za nyanya. Wenzangu wa Kibokoni, Kuze na huku kwetu mwaijua hiyo habari, sina haja ya kuieleza. Nikarudi nyumbani, nyanya akafungua sanduku lake, akatoa kitambulisho kilichofungwa kwa kitambaa kama dhahabu. Ndiyo mara ya kwanza nilikisoma. Tarehe ya kuzaliwa: 01.01.1958.

Nikasema, "Nyanya, kumbe wewe ni wa mwaka mpya!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwaka mpya gani? Hiyo kaandika karani."

Ilikuwa hivi. Zamani kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Wanawake walipoanza kuandikishwa, nyanya akaenda na mashoga zake, wamejifunika mabuibui yao. Karani akamuuliza kazaliwa lini. Nyanya akaanza kumweleza habari ya mwezi na meli na mfalme. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika meli. Akamtazama usoni, akasema, "Wewe bado msichana," akaandika 58, na siku akaandika ya kwanza ya Januari, kama alivyowaandikia wenzake wote watatu. Mashoga wanne, wote wamezaliwa siku moja! Nyanya wakati huo aliona ni sifa. Kapunguziwa miaka na serikali, nani angekataa?

Basi miaka ikapita, ile sifa ikageuka. Mwajua mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Si pesa nyingi, lakini nyanya ana presha, na dawa za presha hazingoji mjomba alipwe mshahara. Alipokwenda kuuliza akaambiwa hajafika. Kitambulisho chasema 70 zake ni 2028. Yeye mwenyewe anasema miaka hiyo kashaipita zamani, ila ukimwuliza kivipi anakuletea hadithi.

Na hadithi yenyewe sisi sote nyumbani twaijua. Twaiita ya meli. Aliisikia kwa mamake, naye huisimulia maneno ni yale yale, hapunguzi wala haongezi:

"Nalizawa usiku wa Alhamisi, Mfungo Nane, kumi la kwanza lishapita. Siku hiyo mfalme wa Wazungu kafa. Bendera zikashushwa nusu. Bintiye alikuwa aje hapa mjini, mji umerembwa, asije. Meli yake nyeupe iko Kilindini yamngoja. Babangu alikuwa bandarini, ndiye aliyekuja na habari, akakuta mimi nshafika."

Hospitali kubwa, hii ambayo wazee wakiitaja husema Makadara tu, iko hatua chache kutoka hapo alipozaliwa. Lakini yeye alizaliwa nyumbani, mkononi mwa mkunga, na mkunga hakuwa na daftari.

Mimi hadithi hii nimeisikia tangu nikinyonya kidole. Nilikuwa naiweka kundi moja na zile za sungura.

Mpaka Februari ya mwaka jana. Tarehe 5 nilikuwa na kazi rahisi, maana Ronaldo na Neymar wote wamezaliwa siku hiyo, 1985 na 1992. Usiku nikawa natayarisha ya kesho yake. 6 Februari: Bob Marley, 1945. Safi, nyimbo zipo, kila mtu ampenda. Nikawa nashuka chini kwenye orodha nitafute tukio la kuongezea, na macho yakapita juu ya mstari mmoja: 1952, Mfalme George wa Sita wa Uingereza afariki, bintiye Elizabeth apokea ufalme akiwa ziarani Kenya.

Nikaupita. Kisha nikarudi.

Nyumba nzima imelala. Nikaanza kusoma kama mtu anayetafuta namba ya bahati nasibu. Elizabeth alikuwa amelala Treetops, karibu na Nyeri, hoteli ya juu ya mti ya kutazamia wanyama. Habari ya kifo cha babake ilimfikia mchana, akiwa Sagana. Jioni ileile akapanda ndege kurudi kwao. Na alikuwa afanye nini baada ya Nyeri? Aje Mombasa, apande meli iitwayo Gothic, iliyokuwa imetia nanga hapa ikimngoja, aendelee na safari yake ya Australia na New Zealand. Zile pembe za Moi Avenue mnazopigia picha historia yake yaanzia ziara hiyohiyo ya 1952. Alipokuja mdogo wake, Princess Margaret, 1956, ndo zikajengwa upya. Mji umerembwa, asije. Meli yamngoja. Neno kwa neno.

Nikafungua kalenda ya 1952. Tarehe 6 Februari ilikuwa Jumatano.

Jamani, nilitaka kulia. Nyanya anasema usiku wa Alhamisi, haijawahi kuwa siku nyingine. Nikajiambia basi, ni 7, au ni hadithi tu, mamake aliunganisha mambo. Nikalala na hasira.

Asubuhi nikamkuta mjomba barazani na kahawa yake. Nikamweleza mkosi wangu. Akanitazama kama ambaye nimeuliza bahari iko wapi. "Wewe mtoto wa Mombasa gani? Usiku wa Alhamisi si huo wa Jumatano baada ya magharibi? Siku yaanza jua likitua. Au waanzia saa sita usiku kama Mzungu?"

Sikunywa hata chai. Nikatafuta programu ya kugeuza tarehe za Kizungu kuwa za Kiislamu, nikaweka 6 Februari 1952. Ikaniletea 10 Jumadal Ula 1371. Sasa hesabu za miezi yetu: baada ya Ramadhani ni Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu ndio wa kuchinja, unaendelea hivyo, Mfungo Sita ndio wa Maulidi. Jumadal Ula ni wa ngapi? Nilihesabu kwa vidole mara mbili. Mfungo Nane. Na ikiwa mchana ni mwezi kumi, jua likitua ni kumi na moja. Kumi la kwanza lishapita.

Nikaingia jikoni. Nyanya yuwakuna nazi. Nikamwambia, "Nyanya, nimekupata. Jumatano, tarehe sita Februari, 1952, magharibi."

Hakuinua kichwa. "Si ndivyo nilivyowaambia miaka yote?"

Nikamwambia ni siku moja na Bob Marley. Akauliza Bob Marley ni nani. Nikampigia wimbo. Akasema huyu ashamsikia kwenye matatu, na kwamba nywele zake zingetaka mafuta.

Hebu sasa nifoke kidogo, kisha nitaendelea.

Dunia nzima inajua Elizabeth alikuwa wapi siku ile. Alikula wapi, aliambiwa na nani, ndege iliruka saa ngapi. Tena huyo alikuwa na birthday mbili: alizaliwa 21 Aprili 1926, lakini sherehe rasmi ikiwekwa Juni. Nyanyangu alizaliwa siku hiyohiyo mwenzake anakuwa malkia, nchi hiyohiyo, mji ambao malkia alikuwa anangojewa, naye kapewa tarehe ya karani. Na si yeye peke yake. Angalia simu yako 1 Januari: wazee wangapi unawatakia heri siku hiyo? Babu zako, shangazi zako, mwalimu wako wa madrasa. Mimi nilikuwa nadhani watu wa zamani wakizaliwa sana mwaka mpya.

Hata wakubwa. Mzee Kenyatta, baba wa taifa, tarehe yake ya kufa twaijua vizuri, ya kuzaliwa hakuna anayeijua, wala mwaka. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013 na dunia nzima ikatangaza, lakini umri wake ulibaki wa kukisia. Na usidhani ni sisi tu. Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa Marekani, maisha yake yote alisema kazaliwa 4 Julai 1900. Kafa akiamini hivyo. Baadaye ikapatikana karatasi ya ubatizo kanisani: 4 Agosti 1901. Tarehe moja na Obama! Tofauti ni kwamba kwao kulikuwa na karatasi mahali fulani, ikingoja mtu wa kuifukunyua. Kwetu karatasi ilikuwa ni mdomo wa mamake nyanya, na mdomo huo ulihifadhi siku, mwezi, kumi la mwezi, na habari ya dunia, bila kukosea hata moja. Kisha mtu mwenye kalamu akaja akaandika alivyoona yeye, na cha kuaminiwa kikawa ni kile cha kalamu.

Nimemaliza kufoka.

Tukaenda ofisini, mimi na nyanya na mjomba. Sitaitaja ni ipi. Nilichapisha kila kitu: kalenda ya 1952, ile tarehe ya Kiislamu, habari za meli. Nikaviweka kwenye faili la buluu, nikajiona wakili. Kijana wa dirishani alisikiliza mpaka mwisho, na nampa haki yake, hakutudharau. Akauliza ushahidi wa kwamba mama huyu alizaliwa siku hiyo ni upi. Nikasema hadithi. Akauliza iliandikwa wapi. Nikasema haikuandikwa. Akatabasamu, akasema, "Ndugu yangu, mimi naamini. Lakini mfumo wataka karatasi. Leta cheti cha hospitali, au cha shule."

Nyanya hakusoma shule, alisoma chuoni kwa mwalimu, kwenye mkeka. Mkeka hauna rejista.

Tukaambiwa tujaribu hati ya kiapo kwa wakili, pamoja na mtu mzima aliyekuwapo akili yake timamu siku hiyo. Hebu piga hesabu: mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1952 leo ana 84. Alipatikana mmoja, binamu yake nyanya, yuko Kisauni, mwanamume. Alikuwa mtoto, akakumbuka kuwekwa nje ya nyumba siku hiyo na kupewa kashata asipige kelele. Akatia dole gumba. Wakili akagonga muhuri. Hiyo ilikuwa Agosti. Mpaka sasa twaambiwa "bado iko kwa mfumo, rudini."

Kutoka 2022 mpaka 2028 ni miaka sita. Elfu mbili mara kumi na mbili mara sita ni 144,000. Hesabu hiyo niliifanya siku moja tu, sikuirudia, na nyanya sikumwambia.

Mwezi huu tarehe sita ilikuwa Ijumaa. Nikasema mfumo uwe tayari usiwe tayari, huyu leo ana 74. Nilitaka keki, nyanya akakataa, akasema keki ni povu la sukari na daktari kamkataza. Alitaka mambo mawili. La kwanza, tuwasomee wazee wake Fatiha, mamake hasa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na uchungu siku hiyo wala si yeye. Sikuwahi kulifikiria hivyo. La pili, alitaka kupita Moi Avenue aziangalie pembe.

Tukamchukua na tuktuk alasiri. Amezipita mara elfu, lakini siku hiyo alisema dereva asimame. Magari nyuma yapiga honi. Akazitazama, akasema, "Kumbe mji ulirembwa kweli," kana kwamba maisha yake yote alikuwa na shaka kidogo kuhusu sehemu hiyo. Kisha akasema twende, samaki hajaandaliwa.

Usiku nikaweka posti. Picha mbili: Bob Marley upande mmoja, nyanya na leso yake upande wa pili, na tarehe chini yao. Sikuweka biti. Mwaiona hapo juu, ndiyo ile. Yule rafiki yangu aliyesema watu wanataka staa alinitumia ujumbe saa tano: "Na wangu pia ni wa 1 Januari. Alikuwa akisema kazaliwa mvua ya kubomoa nyumba. Tuanzie wapi?" Nikamwambia amwulize mvua ilikuwa ya masika au ya vuli, na nani alikuwa mchanga wakati huo.

Jana baada ya laasiri nimerudi kutoka mjini nimekuta watu barazani. Ma'mkubwa wa chini, na wawili kati ya wale mashoga wa nyanya wa kitambulisho, wa tatu ashatangulia mbele ya haki. Wamekuja na vitambulisho vyao vimefungwa vitambaa. 01.01.1957. 01.01.1958. Ma'mkubwa yeye tarehe yake iko sawa, amekuja na picha ya kakake, ataka 29 Aprili niiweke, lakini nimwonyeshe kwanza maneno kabla sijatoa.

Yule wa 57 ndiye aliyeanza. Akasema mamake alimwambia kazaliwa wakati wa mgomo, hakuna hamali wala mpagazi aliyekwenda kazini. Nikafungua daftari. 13 Januari 1947. Yaani kapunguziwa miaka kumi!

Simu ina chaji asilimia kumi na mbili, nyanya yuwauliza kama nishakula, nami nikamsogelea yule mzee, nikamuuliza: mgomo ulikuwa waanza, au ulikuwa waisha?